Mjamzito Akikosa Hamu ya Kula Miezi ya Mwisho: Mwongozo Kamili kwa Mama wa Nairobi

Mama mmoja kutoka mtaa wa Pipeline alinijia kliniki mimba ikiwa ya wiki 33, mumewe nyuma yake na hotpoti mkononi. Sijamaliza kumfunga mkanda wa presha, bwana akaanza kushtaki: "Sista, huyu hali. Jana nimenunua kuku mzima, amekula kipapatio kimoja akasukuma sahani." Mama akainamisha macho. Nilipomwuliza taratibu, akajibu kwa sauti ya chini, "Nikitia tonge la tatu naona chakula kimefika hapa." Akagusa koo.

Mimi ni mkunga, na mazungumzo hayo nimeyasikia mitaa ya Eastlands mara nyingi kiasi kwamba nimeamua kuyaandikia. Nyumba nyingi zinagombana juu ya sahani isiyomalizika. Mume anaona anadharauliwa, mama mkwe anaona mjukuu anateswa njaa, na mwenye tumbo analia chooni. Ugomvi wote huo unatokana na kipimo kibaya. Katika miezi hii usipime chakula kwa sahani. Pima kwa kikombe na kwa kijiko, mara nyingi kwa siku, na hakikisha kila kijiko kina kitu ndani yake.

Uzito wa jambo wenyewe haupingiki. Wiki ya 28 mtoto huwa na kilo moja hivi, na akifika wiki ya 40 huwa na kilo tatu na ushei. Yaani anajenga sehemu kubwa ya mwili wake katika wiki zilezile ambazo mama hana nafasi ya chakula.

Kwanza: hakikisha si ugonjwa

Usianze na mapishi. Anza hapa, maana kukosa hamu kunaweza kuwa mlango wa jambo kubwa.

Ikiwa hamu imepungua lakini mtoto anacheza kama kawaida, unakunywa maji yakakaa, unakojoa vizuri na unaamka na nguvu zako, mara nyingi ni tumbo tu limebanwa. Endelea kusoma. Lakini ukiona mojawapo ya haya yafuatayo, acha kusoma uende hospitali, hata kama ni saa nane usiku.

Kichwa kinachouma sana na hakitulii, macho kuona ukungu au vimulimuli, uso na mikono kuvimba ghafla, au maumivu makali chini ya mbavu, hasa upande wa kulia. Hizo ni dalili za presha ya ujauzito inayoelekea kifafa cha mimba. Yale maumivu ya chini ya mbavu ndiyo yanayonitisha zaidi, kwa sababu mama huyaita kiungulia, akanywa dawa ya tumbo, akalala. Kiungulia huchoma kifuani na kooni. Maumivu ya kubana chini ya mbavu ya kulia, pamoja na kichefuchefu na kukosa hamu, yanataka kupimwa presha, mkojo na damu siku hiyohiyo.

Macho kuwa ya manjano, mkojo kuwa mweusi kama chai ya rangi, au kuwashwa viganja na nyayo bila upele, hasa usiku. Hapo ini linalalamika.

Kutapika kulikoanza upya mwezi wa saba, wa nane au wa tisa. Watu watakwambia ni ile ya asubuhi imerudi. Ile ya asubuhi huwa ya miezi ya kwanza. Ikianza upya mwishoni, lazima itafutiwe sababu.

Homa, baridi ya mwili, maumivu ya kiuno au mkojo unaochoma. Nairobi iko juu, malaria yake ni chache, lakini kama wiki chache zilizopita ulikuwa Kisumu, Busia, Kakamega au Pwani, mwambie daktari kabla hajakuuliza.

Mtoto kupunguza kucheza. Lala kwa ubavu wa kushoto, weka mkono tumboni, simu mbali, uhesabu. Usipofikisha mara kumi ndani ya saa mbili, nenda. Na kama moyo wako umekwisha kukwambia kwamba leo mtoto si yule wa jana, usingoje hata hesabu. Usinywe soda baridi ili "umwamshe" kisha ukasubiri kupambazuke.

Damu ukeni, maji kuvuja, au kushindwa kabisa kuweka hata maji tumboni siku nzima, nayo ni safari ya mara moja. Viganja vilivyopauka, moyo kwenda mbio ukipanda ngazi, na uzito unaoshuka havingoji tarehe ya kliniki ijayo.

Weka mapema nambari ya mwenye teksi au jirani mwenye gari. Pumwani, Mama Lucy, Mbagathi na Kenyatta hupokea wajawazito usiku na mchana, lakini barabara ya Outering ikifunga kwa foleni jioni, hospitali ya karibu inakuwa mbali.

Elewa kinachoendelea tumboni

Mfuko wa uzazi umepanda hadi chini ya mbavu na kulisukuma tumbo la chakula juu. Homoni ya ujauzito iitwayo projesteroni imelegeza ile misuli inayofunga mlango kati ya koo na tumbo, ndiyo maana asidi inapanda na kuchoma. Homoni hiyohiyo imepunguza mwendo wa utumbo, kwa hiyo chakula cha mchana bado kiko humo jioni, na choo kinakuwa kigumu. Si madeko wala si kudharau mapishi ya mtu. Mume asome aya hii mara mbili.

Kwa wengi, hasa mimba ya kwanza, mtoto hushuka kwenye nyonga wiki chache kabla ya kuzaliwa, na mama hushangaa siku moja anapumua vizuri na amekula nusu sahani.

Andika siku mbili

Chukua daftari au simu. Andika kila kilichopita mdomoni kwa siku mbili, na saa yake: chai, soda, vidonge, hata udongo. Usijirekebishe kwanza.

Yule mama wa Pipeline tuliandika pamoja. Saa moja asubuhi chai ya maziwa na nusu chapati. Saa nne chai tena. Saa saba vijiko vinne vya wali, akashiba. Saa tisa soda. Saa mbili usiku kipapatio na bilauri mbili za maji, kisha akalala saa tatu na moto kifuani. Tumbo lake lilijazwa chai, soda na maji. Nafasi ndogo aliyokuwa nayo ilikuwa imekodishwa na vitu visivyolipa.

Panga siku upya

Kula kidogo kila baada ya saa mbili au tatu, njaa iwe imekuja au haijaja. Ukingoja njaa miezi hii, utangoja hadi jioni. Kiasi cha kila mara ni ngumi yako moja, au kikombe kimoja cha chai.

Siku inaweza kwenda hivi: ukiamka, kabla hujasimama, ndizi au kipande cha kiazi kitamu kilichochemshwa jana. Saa mbili, kikombe cha uji. Saa nne na nusu, yai la kuchemsha na kachumbari. Saa saba, ugali mdogo na mboga na omena au nyama. Saa tisa na nusu, mala na embe au papai lililoiva. Saa kumi na mbili, vijiko vitano au sita vya ndengu na kipande cha chapati, ukiwa umekaa wima. Saa mbili usiku, maziwa ya moto kikombe kimoja. Chakula kizito kiwe mchana, si usiku. Hapa ndipo nyumba nyingi hukosea, kwa sababu mume anarudi jioni, nyama inapikwa jioni, na jioni ndiyo saa mbaya kabisa kwa tumbo la miezi minane.

Kama unafanya kazi mjini au uko kwenye matatu saa mbili, beba. Karanga kwenye karatasi, yai na ndizi vinaenea mkobani. Mayai ya kuchemsha ya barabarani ni sawa yakiwa bado na ganda. Kachumbari iliyokatwa tangu asubuhi na kukaa juani, iache.

Maji yanywe kati ya mlo na mlo, si pamoja na chakula. Funda chache kila nusu saa. Mkojo ukiwa wa manjano hafifu, unakunywa vya kutosha.

Tia uzito kwenye kidogo unachokula

Miezi mitatu ya mwisho mwili unataka kama kalori 450 zaidi kwa siku kuliko kabla ya mimba. Zinasikika nyingi, lakini ni glasi moja ya maziwa, yai moja, nusu parachichi na ndizi moja. Kula kwa watu wawili si kula sahani mbili.

Chakula ninachokitegemea kuliko vyote ni uji, lakini si ule mwepesi unaoona hadi chini ya kikombe. Koroga vijiko vitatu vikubwa vya unga wa wimbi kwenye maji baridi kidogo hadi mabonge yaishe. Chemsha vikombe viwili vya maji, mimina huku unakoroga, punguza moto, uache uive dakika kumi na tano. Utaona rangi inakolea na mapovu yanatoka polepole, yakipasuka kwa mlio mzito. Hapo tia kikombe cha maziwa, uchemke tena, kisha epua na ukoroge kijiko kikubwa cha siagi ya karanga. Kamulia limau badala ya kujaza sukari: ladha ya uchachu huamsha mdomo uliochoka, na mama wengi waliokataa kila kitu huukubali. Wimbi lina kalsiamu nyingi, karanga na maziwa vina protini na mafuta. Kikombe kimoja cha uji huo kinafanya kazi ya sahani.

Unga wa kuchanganya na karanga nunua kwa mtu unayemwamini. Karanga chungu, iliyosinyaa au yenye ukungu, itupe. Sumukuvu, ile watu huita aflatoksini, haitoki kwa kupika. Mwaka 2004 mahindi yenye sumu hiyo yaliua zaidi ya watu 100, wengi wao Ukambani.

Kwa vingine, ongeza bila kuongeza ukubwa. Ponda parachichi ndani ya viazi. Vunja yai ndani ya ndengu zinazochemka na ulikoroge hadi liive kabisa. Tia karanga zilizosagwa kwenye managu au terere. Pika wali kwa maziwa au tui. Supu ya mifupa ni nzuri kwa kuamsha hamu, lakini usidanganyike: maji ya mchuzi bila nyama yanakushibisha na hayana mengi. Kula nyama iliyomo.

Pesa ikiwa chache, nunua kwa mpangilio huu: mayai, maharagwe au ndengu, omena, mboga za kienyeji, parachichi, maziwa. Mama mboga akikujua uko na mimba, mwombe akuwekee parachichi moja la kuiva kila siku. Sijaona anayekataa.

Ukiwa umepimwa na kuambiwa una sukari ya ujauzito, ratiba ya kula kidogo mara nyingi inafaa, lakini uji, matunda na viazi vipimwe na mtaalamu wa lishe wa kliniki yako.

Harufu, na chumba kimoja

Vitabu vingi huandikwa kana kwamba jiko liko mbali na kitanda. Mama anayeishi chumba kimoja Kayole au Mathare analala ndani ya harufu ya vitunguu, na omena ya jirani inaingia kupitia korido. Hamu inakufa kabla chakula hakijaiva.

Pika mapema, mlango na dirisha wazi, wewe ukiwa nje umekaa na mtu. Akiwepo mume au dada, apike yeye. Chemsha badala ya kukaanga, funika sufuria. Chakula kikipoa hakinuki sana, kwa hiyo mala, matunda, yai na kiazi kitamu hupita vizuri kuliko kitoweo cha moto. Kupoa si kulala, lakini. Bila friji, wali au githeri iliyokaa kutwa usiile. Maziwa ya kibandani yachemshe hata kama muuzaji anaapa yamechemshwa, na mala iwe ya maziwa yaliyochemshwa au ya pakiti.

Mdomo ukiwa na ladha ya chuma, sukutua kwa maji yenye chumvi kidogo kabla ya kula, au anza na kipande cha chungwa.

Kiungulia na choo kigumu

Ukishakula, usilale kabla ya saa mbili au tatu kupita. Lala ubavu wa kushoto, na inua kichwa pamoja na mabega kwa mito miwili. Ukiinua kichwa peke yake, tumbo linakunjika. Punguza pilipili, mafuta mengi, kahawa na soda. Magadi soda ya kupikia ndani ya maji yasiwe dawa yako, yana sodiamu nyingi. Kliniki watakupa dawa ya kiungulia inayofaa mjamzito. Usiimeze pamoja na kidonge cha damu, kile cha madini ya chuma. Achanisha kwa saa mbili.

Choo kikifunga, hamu nayo hufunga. Papai lililoiva, mboga, maharagwe, maji na kutembea dakika ishirini jioni hufungua wengi. Ikishindikana, sema kliniki.

Vidonge vya damu, chai na udongo

Kidonge cha kliniki chenye madini ya chuma miligramu 60 na foliki asidi mikrogramu 400 ndicho mama wengi huacha kimyakimya wanapokosa hamu, kwa sababu kinawachafua tumbo. Nakusihi usikiache kwa siri. Kinywe usiku, mapema kabla ya kulala, na kipande cha chungwa au chakula kidogo. Choo kuwa cheusi ni kawaida yake. Ikiendelea kukutapisha, rudi nacho tukubadilishie namna ya kukinywa.

Chai na kahawa zikae mbali na kidonge na mlo, angalau saa moja au mbili. Chai ya maziwa pamoja na kila mlo ni desturi yetu, najua, lakini hunyima damu chuma kilichomo kwenye sukuma na maharagwe.

Na udongo, au odowa. Hakuna atakayekugombeza kwangu. Hamu ya kutafuna mawe mara nyingi huambatana na upungufu wa damu, na mawe hayo yanaweza kubeba mayai ya minyoo na madini mabaya, yanafunga choo na kujaza tumbo. Sema wazi upimwe damu.

Chemisti akikupa vidonge au sharubati ya "kuongeza hamu" au ya kunenepesha, virudishe. Baadhi ya vinavyouzwa mitaani vina steroidi, ambazo hupandisha sukari na presha. Mitishamba ya kufungua tumbo pia iache hadi umeuliza.

Maneno ya watu, na moyo wako

Utaambiwa usile mayai, mtoto atakuwa mkubwa akwame. Si kweli, yai moja au mawili kwa siku yaliyoiva ni rafiki yako. Mama mkwe usimbishie mezani. Mwombe akusindikize kliniki, aulize mwenyewe.

Kama Ramadhani imekukuta, dini imempa mjamzito anayehofia afya yake au ya mtoto ruhusa ya kutofunga na kulipa baadaye. Tumbo lisiloweza kubeba mlo mkubwa haliwezi kujaza mahitaji ya siku nzima kwa futari na daku. Zungumza na mkunga na mwalimu wako wa dini mapema.

Kuna pia kukosa hamu kusikotoka tumboni. Ukiwa hulali hata ukipata nafasi, unalia bila kujua sababu, hakuna kinachokufurahisha kwa wiki mbili, au nyumbani kuna kipigo na matusi, mwambie mkunga ukiwa peke yako naye. Ikija fikra ya kujidhuru, mwambie mtu leo, usiku huuhuu. Ni ugonjwa unaotibika, na chakula hakitarudi kabla ya moyo.

Kliniki na mizani

Usikose tarehe. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mahudhurio manane, na baada ya wiki ya 34 yanakaribiana. Mama aliyeanza na uzito wa kawaida huongeza karibu nusu kilo kwa wiki kipindi hiki. Uzito ukisimama wiki mbili au kushuka, mwonyeshe mkunga kijitabu chako pamoja na lile daftari la siku mbili. Litatusaidia kuliko "nakula tu vizuri". Karibu na wiki ya 38 uzito unaweza kusimama kidogo, lakini acha mkunga aamue.

Siku chache kabla ya uchungu, au uchungu ukiwa mwepesi, hamu inaweza kutoweka kabisa. Kunywa maji na uji mwepesi kidogo kidogo isipokuwa umeambiwa usile. Kwenye mfuko wa hospitali, kando ya leso na nguo za mtoto, weka chupa ya chai yenye uji na vikombe viwili, maana anayekusindikiza naye atakaa macho.

Mtoto akishatoka, tumbo linapata nafasi yake, na njaa hurudi kwa kishindo, mara nyingi ndani ya saa chache. Bwana wa kuku mzima, saa hiyo ndiyo yako. Leta hotpoti imejaa.